Mlango Wazi

Wanaokisema kituo kimoja cha afya huku Kwale, eti nywila ya kompyuta imebandikwa ukutani, hawajui ukarimu wa Pwani: mgeni haachwi mlangoni. Mwaka 2017, kirusi cha WannaCry kilizifungia kompyuta hospitali kadhaa za Uingereza, maelfu ya miadi ikafutwa. Sisi nani atatuvunjia mlango, nao u wazi? Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tunaiheshimu mno: iko kabatini, chini ya kufuli. Faida mwaziona wenyewe. Kabla daktari hajayasoma majibu yako, waendesha bodaboda wote kutoka Diani mpaka Msambweni wameshakupa pole. Kasi gani tena mwaitaka?