Karani Nyani na Jina la Komba

Mwaka wa ukame Simba aliamuru kila mnyama aandikiwe hati ya zamu ya kisimani. Kazi akapewa Nyani, mwenye daftari la safu tatu: jina, jina la baba, jina la ukoo. Kanuni yake ilikuwa fupi: unga yote matatu, acha nafasi katikati, andika.

Hati zikatoka, isipokuwa ya Komba. Yeye aliokotwa mbuyuni akiwa kichanga, baba yake hajulikani. Kanuni ilipokuta kisanduku kitupu haikuruka pengo, ilimfuta Komba mzima. Hati ikatoka haina jina, na Komba akalala na kiu.

Wanaotumia SQL wanalijua janga hili. Thamani isiyojulikana huitwa NULL, na katika PostgreSQL ukiiunga na maneno kwa alama ||, jibu zima huwa NULL. Mantiki yake ni safi. Mwenye kosa ni karani anayeijua kisha akaendelea kuchapa.

Fisi akashauri mapengo yote yaandikwe HAKUNA. Hati mpya ikasomeka "Komba HAKUNA Mbuyuni". Komba akalia: "Bwana Karani, baba nilikuwa naye. Ni vile simjui tu." Nyani akafuta neno lile, akaweka maandishi matupu. Sasa jina likawa na nafasi mbili katikati, na mlinzi wa kisima, aliyelinganisha herufi kwa herufi, akamrudisha Komba nyumbani.

Ndipo alipoitwa Bibi Buibui, fundi wa kuunga nyuzi. "Mwanangu, nafasi usiiache ining'inie peke yake. Ifunge na jina la baba kwanza. Baba asipojulikana, vyote viwili vitapotea pamoja, nawe utaweka utupu mahali pao." Akamwandikia:

jina || COALESCE(' ' || jina_la_baba, '') || ' ' || ukoo

Hati ikatoka: "Komba Mbuyuni". Komba akanywa maji.

Fundo hilo halishiki kila mahali. Oracle huhesabu maandishi matupu kuwa NULL, na alama yake || huiruka NULL, kwa hiyo ile nafasi hubaki. Huko inabidi uulize kwanza kama jina la baba lipo.

Ewe unayetunza daftari la wanafunzi au wagonjwa, kabla hujachapa, tafuta mtu ambaye kisanduku chake ki tupu, umpitishe yeye wa kwanza.