Hapo Usikanyage

Mtu akitaka kukuuzia gari la zamani, usihangaike na injini. Injini ya Volkswagen Beetle ikiumwa husema yenyewe: hukohoa, hudondosha oili, hugoma mbele za watu. Mwambie akunyanyulie zulia.

La kwetu tulirithi kwa marehemu baba mdogo, na lilikuwa na zulia zuri kweli, jekundu, limedarizwa pembeni kwa uzi mweusi. Baba mdogo alikuwa na sharti moja tu kwa abiria wa mbele: miguu iwekwe katikati, kwenye kipande cha ubao kilicholala chini ya zulia. Sisi watoto tulidhani ni adabu ya gari, kama kuvua viatu msikitini.

Sababu tuliijua wakati wa masika, kwenye dimbwi la njia ya Raskazone hapa Tanga. Maji yalipanda kutoka chini, yakamloanisha mke wangu hadi magotini, na kandambili yake ya kushoto ikatokea kulekule maji yalikoingilia. Tulirudi kinyumenyume kuiokota. Hakusema neno hadi tulipofika nyumbani, na kimya kile kilinitisha kuliko tundu.

Wazee wa barazani hawakuafiki kwamba gari lina kasoro. Mmoja alinikumbusha kuwa Volkswagen ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, wakati barabara zilipokuwa matope matupu. Wa pili akadai kuwa Mjerumani aliliziba chini vizuri, hata likitumbukia mtoni huelea. Yote mawili ni kweli. Sakafu ya Beetle ni vipande viwili vya bati, kulia na kushoto, vilivyochomelewa kwenye uti wa mgongo wa chuma, na sakafu hiyo ndiyo chesisi. Bodi huketi juu yake ikafungwa kwa bolti. Likiwa jipya, liliweza kuelea kwa muda. La kwetu lingezama kabla mzee hajamaliza hadithi.

Kutu ya pwani haina haraka, wala haina likizo. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi zaidi, na chuma kinaliwa. Kinachoudhi ni kwamba kutu hunenepa: hujaza nafasi kubwa kuliko ya chuma ilichokila. Kwa hiyo bati huvimba likaonekana lina afya, hasa likivishwa zulia, na zulia likishalowa halikauki tena mpaka kiama.

Fundi wa kwanza alijilaza chini ya gari akaanza kugongagonga kwa bisibisi. Ti, ti, ti, kisha bisibisi ikazama hadi mpini. Akaichomoa, akaifuta kwenye suruali, akasema, "Hii ndogo, bosi. Tunasokota magazeti, tunapiga puti, tunamaliza na rangi ya lami. Hatajua mtu." Nimeandika magazetini miaka mingi, lakini sikuwahi kutarajia makala zangu zibebe uzito wa shangazi.

Na shangazi yangu ana kilo na ana kauli. Betri ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma, juu ya bati la sakafu, na hapo ndipo asidi yake huanza kazi ambayo bahari huja kuimalizia. Kiwandani betri hiyo ilivishwa kifuniko, kwa sababu springi za kiti ni chuma. Cha kwetu kilikwisha kupotea enzi za baba mdogo. Tulikuwa tunakwenda harusini Pangani, shangazi kajaa kiti cha nyuma na marashi yake, springi zikashuka taratibu hadi zikagusa vichwa vya betri.

"Mwanangu, mbona huku kuna joto?"

"Injini ya gari hili iko nyuma, Shangazi."

"Na injini yako inanuka nywele?"

Ni singa za farasi zilizojazwa ndani ya kiti, zilikuwa zimeanza kufuka. Shangazi alishuka kwa wepesi ambao madaktari wake hawaujui. Tuliponyanyua kiti na kumwagia mchanga, tukaona kwamba betri haikuwa imekaa juu ya bati hata kidogo. Ilikaa juu ya kutu na mazoea.

Fundi wa pili alikuwa wa kuchomelea, mtu wa maneno machache na bili ndefu. Alianza kwa kushusha tangi la petroli, kwa kuwa bomba lake hupita ndani ya ule uti wa mgongo, kisha akawaomba wavuta sigara wa barazani wahamie kwa jirani. Hapo ndipo walipokubali kuwa gari lina kasoro.

Kazi yenyewe ni ya kukata mpaka ukutane na chuma kizima. Shida ni kwamba kila ukikata kukifuata, chuma kizima nacho kinasogea. Fundi alichora mstari wa chaki karibu na kanyagio, akaufuta, akachora mwingine, na kila mstari ulizidi kuelekea kwenye pochi yangu. Alikata upande mmoja kwanza, akaumaliza, ndipo akaugusa wa pili. Ukizifungua pande zote kwa pamoja bodi hulegea, na milango huenda isifunge tena. Bati jipya la geji 18 halichomwi kwa mstari mmoja. Linadonolewa nukta huku, nukta kule, ili joto lisilipinde.

Bati la sakafu lazima pia lipigwe mikunjo, la sivyo hulia kama debe njia nzima. Kijana wa fundi alilisikia hilo, akatoweka, akarudi na bati la kuezekea. "Mikunjo hii hapa, fundi, tena tayari!" Alifukuzwa nalo. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaompa mtu homa usiku kucha. Mafundi huamini kinga yake ni maziwa. Wa kwangu alikunywa nusu lita kwa kulitazama tu lile bati, na maziwa hayo niliyakuta kwenye bili, chini ya mawe ya grenda.

Hatimaye sakafu ikakamilika: rangi ya kuzuia kutu, lami kwa chini, vizibo vipya vya mpira kwenye matundu ya kutolea maji. Zulia nililikataa. Nilitaka kila anayefungua mlango aone nilikolala njaa.

Karibuni alikuja mnunuzi kutoka Dar es Salaam. Alizunguka gari, akapiga teke tairi kama ilivyo desturi, akafungua mlango, akainama kuitazama sakafu kwa muda mrefu. Nikavuta pumzi nikisubiri sifa.

"Mzee," akasema, uso umemkunjamana, "mbona hamna zulia? Mnaficha nini?"

Alikwenda kununua Beetle nyingine ya Muheza, yenye zulia la kijani, na chini ya miguu ya abiria kuna ubao. Nilimtakia heri, nikampa namba ya fundi.