Njooni Mchukue Mali Yenu: Barua ya Wazi kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza

Kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, London
Nakala: Wizara ya Ulinzi ya Kenya, Nairobi

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kutoka Kapsoit, Kericho, ambako hatujawahi kuokota kombora lenu hata moja. Huku mlituachia majani chai. Hata hivyo wanajeshi wenu si wageni kwetu: baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 za Kericho kwa ajili ya maafisa walioumia vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, maafisa wakatawanyika, ardhi ikaingia mikononi mwa kampuni za chai, na wenyeji wake hawakurudishiwa. Msishangae basi wakulima wa chai wakiulizia malisho ya Samburu na Laikipia. Tunayajua macho yale yanayotazama ardhi yenye watu na kuiona tupu.

Tunaanza kwa shukrani. Kwa miongo mingi, kwa mapatano ya tangu 1964, majeshi yenu yamefanya mazoezi ya risasi za kweli sehemu kama Archers Post kule Samburu na Dol Dol kule Laikipia, na mkawa wakarimu kiasi cha kusahau baadhi ya makombora kwenye malisho. Wafugaji na watoto wao wakayaokota. Wako waliokufa, wako waliobaki bila mikono, miguu au macho. Mwezi Julai 2002, baada ya wakili wao Martyn Day kuwafikisha mezani, mlikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu 228 jumla ya pauni milioni 4.5. Ukigawanya, wastani haufiki pauni 20,000 kwa mtu. Mlifanya vyema kulipa. Ila malipo yale yalikuwa ya majeraha yaliyokwisha kutokea, na kombora ambalo halijamjeruhi mtu bado halina habari kwamba kesi imekwisha.

Hoja yetu ni moja, nayo ni ya hesabu. Katika kituo cha kununulia majani chai, karani hupima kilo za kila mkulima na kumpa risiti. Majani yakipotea njiani kwenda kiwandani, kuna wa kuulizwa. Hatuamini kwamba jeshi linalohesabu blanketi na vijiko vya askari wake linashindwa kuhesabu makombora. Ghala linajua yaliyotoka mangapi na kikosi kipi kiliyachukua. Wanaofyatua wanajua walikolenga, na masikio yao yanawaambia lipi limelia na lipi limenyamaza. Kwa hiyo kombora lisilolipuka halipotei, huachwa. Likitua kwenye mchanga au tope, fyuzi inaweza kushindwa kufanya kazi siku hiyo, kisha ikazinduka miaka mingi baadaye kwa kugongwa na jiwe. Mvua kubwa ikinyesha, mito ya msimu hulisomba mpaka mahali ambapo hakuna askari aliyewahi kulenga. Kila siku inayopita bila kulitafuta inalisogeza mbali na ramani yenu, na kulisogeza karibu na mchunga mbuzi.

Tunajua majibu yenu. La kwanza: jeshi la Kenya nalo hutumia viwanja hivyo, na huwezi kujua chuma ni cha nani. Ni kweli, na ndiyo sababu nakala ya barua hii imekwenda Nairobi. Lakini wawili wakichangia uwanja, wajibu wa kuusafisha huwa wa wote wawili, haugeuki kuwa wa mbuzi. Tena shaka hiyo ingeondolewa na daftari la hesabu ya makombora, ambalo ndilo tunaloliomba. La pili: mabango ya onyo yapo. Bango halihami na mafuriko, wala halimsomei mtoto ambaye hajaenda shule. Kwenu, kijiji cha Imber katika uwanda wa Salisbury kiliondolewa watu mwaka 1943 ili majeshi yafanye mazoezi, na hadi leo umma huruhusiwa kuingia siku chache tu kwa mwaka, kwa sababu ya hatari iliyo ardhini. Siku nyingine zote Mwingereza anakatazwa kuizuru nyumba ya babu yake. Msamburu anaachiwa kulisha mifugo kati ya mazoezi na mazoezi. Ama kombora linamheshimu zaidi Msamburu, ama ni ninyi mnaomheshimu kidogo.

La tatu: usafishaji umekwisha kufanyika. Vyema, basi orodha ya maeneo yaliyosafishwa haitakuwa siri, na mwenye mifugo aisome. La nne: jeshi linaleta ajira na biashara Nanyuki, lilikopiga kambi. Hatubishi. Mwenye hoteli Nanyuki anapata faida, na mchungaji wa Archers Post anabeba hatari. Hiyo faida haimnunulii mguu. La mwisho ndilo tulilolipenda zaidi: sheria za kimataifa zinahusu mabaki ya vita, si ya mazoezi. Naam, Itifaki ya Tano ya mwaka 2003, inayohusu mabaki hayo ya vita, inazitaka pande zinazopigana zilizoiridhia ziweke kumbukumbu, kadiri iwezekanavyo, za silaha zilizotumika, ili vita vikiisha wenye ardhi wapewe habari. Ina maana adui ana haki ya ramani, na rafiki ana haki ya kushtukizwa. Kwa hesabu hiyo Kenya ingefaidika zaidi kama ingewatangazia vita.

Mkataba wa ulinzi uliotiwa saini mwaka 2021 uliwaruhusu kuendelea, nasi hatuombi uvunjwe kwa barua moja kutoka Kapsoit. Tunaomba kila zoezi likiisha, kabla malori hayajarudi kambini, zitangazwe hesabu tatu: yaliyofyatuliwa, yaliyolipuka, na yaliyookotwa. Zitangazwe kwa Kiswahili, Kimaasai na Kisamburu, redioni na kwenye baraza za machifu. Hesabu zisipolingana, zoezi lijalo lisianze mpaka zilingane. Nanyi wabunge wa Kenya mnaopitisha mikataba hii, sharti hilo mliandike ninyi, kwa sababu anayeondoka hana haraka ya kurudi kufagia.

Wenu katika hesabu,
Mkulima wa chai, Kapsoit