Barua ya Wazi kwa Wapangaji wa Chanjo wa Uingereza: Dhambi ya Kuzaliwa Kabla ya Septemba

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, na baada ya kukutakieni siha njema, ambayo funguo zake mmezishika nyinyi wenyewe, nakuandikieni kwa taadhima mimi mzee wa Pwani ya Afrika Mashariki, mkazi wa Uingereza tangu zamani, ili nikushukuruni kwa kulifumbua jambo ambalo matabibu na wanajimu wa kale, pamoja na elimu yao yote, walishindwa kulifumbua: nalo ni siku hasa ambayo mwili wa binadamu huanza kustahiki kukingwa na mkanda wa jeshi. Mmetangaza kwamba siku hiyo ni tarehe 1 Septemba 2023. Aliyetimiza miaka 65 siku hiyo au baada yake huitwa akadungwa sindano mbili za chanjo ya Shingrix pasipo kulipa hata senti. Aliyeitimiza jana yake, tarehe 31 Agosti, huambiwa asubiri mpaka afike 70, isipokuwa kinga ya mwili wake iwe imedhoofika sana. Baina ya wazee wawili hao upo usiku mmoja tu, ila kwa hesabu yenu usiku huo una urefu wa miaka mitano.

Maradhi yenyewe hayana haja ya kuarifiwa kwenu, lakini nitayataja ili wasomaji wangu wayajue. Mtoto akiugua tetekuwanga hupona, malengelenge yakakauka, mama akashukuru. Kumbe virusi havikuondoka, vimejificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu, na huko vinaweza kukaa miaka hamsini au sitini kwa subira kubwa, mpaka kinga ya mwili inapopungua kwa uzee au kwa ugonjwa mwingine, ndipo vikainuka na kuuzunguka upande mmoja wa kiwiliwili kwa malengelenge yanayounguza, na pengine vikapanda usoni na kuhatarisha jicho. Ngozi hupona kwa majuma. Maumivu yaweza kubaki kwa miezi, na kwa wengine kwa miaka, hata nguo ya hariri ikigusa mahali pale mtu huruka. Aliyetoa hoja kwamba mambo ndivyo yalivyo alikuwa mwananchi wenu, Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, ambaye mwaka 1965 alitangaza nadharia yake baada ya kuandika kwa miaka mingi habari za wagonjwa wake mwenyewe, na alikwenda hata kisiwa cha Yell, kule Shetland, kuufuatilia ugonjwa huu. Alionyesha kwamba kadiri umri unavyozidi ndivyo maradhi yanavyozidi. Kwamba maradhi hayo hungoja mwezi wa Septemba, hilo mmelivumbua nyinyi, na sifa yake ni haki yenu peke yenu.

Sasa niruhusuni nikuelezeni shida iliyonifika. Marehemu baba yangu, kama walivyofanya wazee wengi wa Pwani, hakupeleka habari ya kuzaliwa kwangu katika ofisi yoyote. Aliandika katika ukurasa mtupu wa mwisho wa msahafu wake kwamba nimezaliwa Mfunguo Tano, mwaka 1378 wa Hijra. Miaka mingi baadaye, nilipotaka pasipoti, karani mmoja aliyekuwa na foleni ndefu na kalamu nyepesi aliniuliza tarehe, nikamweleza habari ya msahafu, akanitazama kwa huruma, akaandika 1 Julai 1958, ati ni nusu ya mwaka na haitamdhulumu mtu. Wapo wenzangu wengi ughaibuni waliozaliwa na makarani namna hiyo, wengine wote tarehe 1 Januari, hata mgeni angedhani kwetu wanawake hujifungua kwa amri ya serikali.

Nimepekua kalenda, Waheshimiwa, na nimepata kwamba Mfunguo Tano wa mwaka ule ulianza katikati ya Agosti 1958 ukamalizika katikati ya Septemba. Maana yake ni kwamba mpaka wenu unapita katikati ya mwezi wangu. Ikiwa nilizaliwa katika nusu ya kwanza, mwili wangu hautahitaji kinga mpaka 2028. Ikiwa nilizaliwa katika nusu ya pili, ulikuwa unaihitaji tangu 2023, na kila siku ipitayo ni hatari. Wazee wetu walikuwa wakiuogopa mwezi huo kwa nuhusi yake, na sisi vijana wa shule tukiwacheka. Leo serikali yenye wanasayansi wengi imewatilia mhuri.

Kwa hiyo natoa rai kwamba katika kamati yenu ya wataalamu muongeze mashekhe wawili watatu mahodari wa kuandama kwa mwezi, ambao watakaa na maprofesa na kujadiliana, kwa ushahidi wa waadilifu, iwapo mwezi wa Mfunguo Tano 1378 ulionekana Lamu siku ile ulipoonekana Unguja au siku ya pili yake. Mjadala huo hautakwisha, nakuhakikishieni, kwa kuwa kwetu haujakwisha mpaka leo. Lakini kadiri wakati unavyokwenda sote tutafika 70, na bajeti yenu itasalimika.

Wenzenu hawakujaliwa uhodari huu. Wamarekani huanza kuwapa watu wao sindano hiyo hiyo wakiwa na miaka 50, na Wajerumani wakiwa na 60. Bila shaka hewa ya kisiwa hiki huchelewesha uzee. Mwenye haraka, nimeambiwa, anaweza kununua kwenye duka la dawa, kwa zaidi ya paundi 200 kila sindano, na sindano ni mbili. Na vijana wetu wanaokuja kwa viza hulipishwa ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni paundi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Jambo la kufurahisha ni kwamba ada hiyo haikuuliza kamwe mtu kazaliwa kabla ya Septemba au baada yake.

Msidhani kuwa siuoni manufaa ya mipaka yenu. Mlipoanza chanjo ya kwanza, ile ya zamani, tarehe 1 Septemba 2013, kule Wales waliozaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1933 walistahiki kuipata, na waliozaliwa kabla ya hapo walinyimwa maisha yao yote. Wanazuoni wakaona hazina: makundi mawili ya watu walio sawa kwa kila hali isipokuwa siku chache za kuzaliwa. Wakawafuatilia kwa miaka saba, na Aprili 2025 wakatangaza katika jarida la Nature kwamba chanjo ile imepunguza maradhi ya kupotewa na akili uzeeni kwa kiasi cha khumusi moja. Habari njema hiyo tumeipata kwa kuwa kundi moja lilikosa, na naamini wakongwe wa Wales watafarijika kujua kuwa kusahau kwao kumeinufaisha elimu.

Lakini lipo jambo moja nitakalolisema bila mzaha. Kwetu, katika miaka ya themanini na tisini, mkanda wa jeshi ulihesabiwa kuwa dalili ya UKIMWI, na aliyeupata alitazamwa kwa jicho la shaka na majirani, hata na jamaa zake. Wazee waliokulia katika hofu hiyo hawautaji ugonjwa huu kwa jina, seuze kwenda mbele ya mpokezi wa zahanati na kuomba kukingwa nao. Mzee wa namna hiyo akijikaza siku moja akaenda, kisha akaambiwa arudi baada ya miaka mitano, huyo harudi tena. Mmempoteza kwa sababu ya tarehe aliyobuniwa na karani.

Na aliyevuka 80 bila kudungwa mmemfungia mlango, isipokuwa kinga ya mwili wake iwe imedhoofika sana, pamoja na kuwa majaribio ya Shingrix yameonyesha kinga ya takriban asilimia 90 kwa waliotimiza miaka 70 na kuendelea. Hope-Simpson mwenyewe, aliyefariki mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 95, lau angalikuwa hai leo na umri ule ule, asingalistahiki.

Najua kwamba fedha zina kikomo na kwamba kila kanuni lazima ianzie mahali. Basi ianzie kwenye umri, si kwenye tarehe: kila aliyetimiza 65 apewe, awe amezaliwa Agosti au Septemba, na aliyevuka 80 asinyimwe. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, wamewauguza wenyeji katika wodi zenu usiku na mchana, na sasa wamezeeka. Na nyinyi wasomaji wangu mlio Uingereza, mliofika 70 na hamjafika 80, nendeni mkaidai haki yenu wiki hii, na msiisahau sindano ya pili.

Wa salaam,

Mzee wa Pwani, Uingereza