Mgombea Ameokoka Juzi: Mwongozo wa Mwamini wa Kasha Hadi Chumba cha Kura

Kampeni ikikaribia, makanisa ya Kasha, mtaa wetu wa Bagira mjini Bukavu, hujaa. Benchi la mbele, ambalo mwaka mzima ni la akina mama wa shirika na wazee walioshuka mlimani na fimbo zao, hupata wageni wenye suti zilizonyooshwa. Mmoja wao anaimba wimbo wa kuingia kwa sauti kubwa kuliko chorali, na kitabu cha nyimbo amekishika juu chini. Huyo ni mgombea. Ameokoka juzi. Akishindwa, hatutamwona tena hadi miaka mitano ipite. Akishinda, vilevile.

Sasa wewe mwamini ufanye nini? Imani yako uiache nje ya chumba cha kura, au uingie nayo? Jibu langu nalitoa mapema: ingia nayo. Ila iingie ikiwa dhamiri yako mwenyewe, isiingie ikiwa amri ya mtu mwingine. Hatua zinazofuata ni za kufuatwa kweli, zote, hata zile zitakazokuchekesha.

Kwanza tukubaliane kwamba kwetu dini haiwezi kuwa mgeni katika mambo ya siasa. Mwaka 1974 Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa. Mwaka 1977 akazirudisha kwa mkataba, na hadi leo watoto wengi wa Bukavu wanasoma katika shule zinazosimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu au Waislamu. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, iko chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC. Mtu aliyefundishwa kusoma na kanisa, akatibiwa na kanisa, hawezi kuambiwa alisahau kanisa siku moja katika miaka mitano. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema tangu kifungu chake cha kwanza kwamba dola letu halifungamani na dini. Dola halina dini. Raia anayo, na katiba ileile inamlinda aishike.

Hatua ya 1: Mpe kiti, usimpe mimbari

Mgombea akija kusali, mkaribishe. Nyumba ya Mungu haina orodha ya walioalikwa. Mpe kiti, mpe kitabu cha nyimbo, mgeuzie kitabu hicho kwa upole ikibidi. Lakini matangazo yakifika na katekista akaanza kusema, "Leo tuna mgeni mheshimiwa ambaye angependa kutusalimia kidogo," hapo ndipo baraza la parokia au wazee wa kanisa wanapotakiwa kusimama. Maana "kidogo" ya mgombea ni dakika arobaini, na ndani yake mna daraja, maji, umeme na ndugu yake anayegombea ujumbe wa manispaa.

Hili limewezekana kwa majirani. Septemba 2021, huko Butere nchini Kenya, Askofu Mkuu wa Waanglikana Jackson Ole Sapit aliwaambia wanasiasa wazito waliofika kanisani kwamba mimbari si jukwaa lao. Walikuwa wamekaa mbele yake, naye aliwaambia hivyo hivyo, uso kwa uso. Wasali kama wengine; siasa wakaifanyie nje. Kanisa halikuanguka. Nasi tunaweza kusema, kwa heshima zote: "Asante, Mheshimiwa, karibu kwa sala. Mkutano wako tutakuja kuusikiliza uwanjani."

Hatua ya 2: Pokea sadaka, kataa deni

Mgombea hana desturi ya kutoa sadaka kimyakimya. Bahasha yake huinuliwa juu kwanza, ipigwe picha. Kisha yanakuja mabati ya paa, saruji ya mnara, vinanda vya chorali, na vikwembe vyenye sura yake vya kuwavika akina mama ili kila anayeinama kuokota kuni ainame na mheshimiwa mgongoni.

Weka sheria moja inayotosha: kila anayetoa, atoe katika kikapu kile kile, kwa mstari ule ule, nyuma ya mjane anayetoa franga zake mia mbili. Bila kipaza sauti. Mwekahazina atangaze jumla ya Jumapili nzima, basi. Mgombea anayekubali hivyo, ametoa sadaka. Anayekasirika, alikuwa anaweka arubuni.

Na kama fedha zimekwisha kupokelewa, bado zinaweza kurudi. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi Philip Anyolo aliagiza mamilioni ya shilingi ambayo Rais William Ruto aliyatoa katika kanisa la Soweto, mjini Nairobi, yarudishwe, pamoja na sehemu iliyokuwa ya chorali. Fikiria uso wa kiongozi wa chorali siku hiyo. Lakini fikiria pia uhuru wa padri wake Jumapili iliyofuata: angeweza kuhubiri juu ya wizi wa mali ya umma bila kuangalia vinanda.

Hatua ya 3: Usipige kura kwa kuangalia kola

Wako watakaokuambia: mchague huyu, ni mtu wa Mungu. Historia yetu wenyewe inatosha kukupa tahadhari. Uchaguzi wa 2006 ulisimamiwa na padri, Abbé Apollinaire Malu Malu. Uchaguzi wa 2011 ulisimamiwa na mchungaji, Daniel Ngoy Mulunda. Matokeo aliyoyatangaza mchungaji huyo, Kardinali Laurent Monsengwo aliyakataa waziwazi kwamba hayakulingana na ukweli wala haki. Mchungaji upande mmoja, kardinali upande wa pili, Biblia moja. Mwaka 2021 viongozi wa madhehebu 8 walikaa kumteua rais wa CENI, tume ya uchaguzi: Wakatoliki na Waprotestanti wa ECC wakamkataa Denis Kadima, madhehebu 6 yaliyobaki yakamkubali, na ndiye aliyeshika kiti. Kama wenye kola hawakubaliani juu ya mtu wa kuhesabu kura, kola haiwezi kukuonyesha mtu wa kumpa kura.

Wala tusidanganyane kwamba utakatifu hupata kura wenyewe. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji na mchungaji mwenyewe, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, mtoto wa mji huu, aligombea urais Desemba 2023. Hakufikisha hata asilimia 1 ya kura zilizotangazwa. Kumbe sisi tunaosema tunapiga kura kwa imani, mara nyingi tunapiga kwa kabila, kwa chumvi na sabuni, au kwa mkumbo, kisha tunamtaja Mungu ili atufichie aibu.

Hatua ya 4: Nabii mwache amalize, mgombea mwombe mpango

Atatokea nabii wa kusema ameoneshwa jina la mshindi. Usibishane naye, mwache amalize, kisha zunguka kanisa la pili na la tatu. Utakuta kila mgombea mwenye fedha ana nabii wake, na kila nabii ana jina lake. Hayawezi kuwa kweli yote.

Kwa mgombea mwenyewe, swali ni jepesi: "Mheshimiwa, kama Mungu amekwisha kukuchagua, sisi tunaombwa nini?" Akinyamaza, endelea: "Basi tuambie, ukiwa mbunge wa jimbo, utampigia nani kura ya ugavana, na kwa nini?" Hapo ndipo pazito. Wabunge wa jimbo ndio wanaochagua gavana na maseneta, na kura zile hufanyika ndani ya ukumbi, mbali na macho yetu. Unabii hauwezi kujibu swali hilo. Mpango unaweza.

Hatua ya 5: Sasa toa imani yako, uitumie

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakisikia "usimfuate pasta," wanadhani wameambiwa wawe kama hawana dini. Hapana. Imani ina maswali ambayo chama hakiulizi, na Bukavu imewahi kuyalipia kwa damu.

Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alikuwa akiandika na kuhubiri dhidi ya vita na kuwatetea wakimbizi, watu ambao hawakuwa na kadi ya kura wala uwezo wa kumlipa. Aliuawa hapa mjini, Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996. Duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa 2006 iliangukia tarehe 29 Oktoba, miaka kumi kamili. Aliyemrithi, Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli ya 1999 dhidi ya unyonyaji wa watu wake. Februari 2000 waasi wa RCD waliotawala mji wakamzuia kurudi Bukavu, akakaa miezi Butembo, na Oktoba mwaka uleule akafariki Roma. Hakuna kati yao aliyewaambia Wabukavu wampigie fulani. Waliwafundisha namna ya kumpima mtu mwenye nguvu.

Basi pima. Je, huyu mgombea husema kweli hata pale kweli inapomgharimu? Mali aliyo nayo ilitoka wapi? Mvua ikiporomosha nyumba za mlimani, alikuwepo, au alituma rambirambi tu? Maji yatafikaje Kasha, kwa fedha gani, kwa muda gani? Na swali lililo juu ya yote: atamfanyia nini mtu asiyesali naye? Mkatoliki amuulize juu ya Mwislamu, Mprotestanti amuulize juu ya Mkimbangu, na sote tumuulize juu ya Mbatwa asiyeitwa mkutanoni. Mgombea anayewapenda watu wa kanisa lake tu anatafuta wafuasi, na huyo imani yako haikuruhusu umchague hata kama mnasali benchi moja.

Hatua ya 6: Ingia peke yako

Kura zetu nyingi zimeangukia Jumapili: 30 Julai 2006, 29 Oktoba 2006, 30 Desemba 2018. Nenda misani au ibadani, kula kama kuna cha kula, kisha kapange foleni na kadi yako.

Ndani kuna mashine. Unaingiza karatasi, sura na namba za wagombea zinatokea kwenye kioo, unagusa, unathibitisha, karatasi inatoka na chaguo lako limechapwa. Unaikunja mwenyewe, unaitumbukiza sandukuni mwenyewe. Bibi asiyeweza kusoma aombe msaada kwa mtu anayemwamini, asikubali kushikwa kidole na wakala wa mgombea. Na usimalize nguvu zote kwa rais. Desemba 2023 wapiga kura wa Bagira walichagua pia mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na diwani wa manispaa. Diwani ndiye jirani yako. Huyo hata ukimkosa ofisini utampata kisimani.

Kifungu cha 5 cha katiba kinasema kura ni ya siri. Kwa hiyo baba, ukifika nyumbani usimhoji mama. Pasta, usiitishe mkono juu Jumapili inayofuata. Na wewe mama, ukiulizwa, una ruhusa kamili ya kujibu kwamba sombe inaungua.

Hatua ya 7: Usirudi nyumbani mapema

Kazi bora kabisa ambayo dini imewahi kuifanya katika uchaguzi wa Kongo haikuwa kumtaja mgombea. Ilikuwa kulinda hesabu. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki wa CENCO walipeleka waangalizi wapatao 40,000 katika vituo vya kura: walimu, akina mama, vijana wa parokia wenye kalamu na daftari. CENI ilipotangaza kwamba Félix Tshisekedi ameshinda kwa asilimia 38.57, CENCO ilisema matokeo hayo hayalingani na yale waangalizi wake waliyoyaandika. Waliweza kusema hivyo kwa sababu walikuwa wamehesabu. Mwaka 2023 Wakatoliki na Waprotestanti wakaunganisha waangalizi wao, na hilo peke yake ni hubiri zuri.

Kwa hiyo kama unataka kumtumikia Mungu siku ya kura, usimtangaze mshindi kabla ya sanduku kufunguliwa. Jiandikishe kuwa mwangalizi. Baki mpaka karatasi ya matokeo ibandikwe ukutani, iandike, ipige picha.

Wako watakaosema mwongozo huu umekuja wakati mbaya. Februari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Bukavu, na muungano wa AFC ambao M23 limo ndani yake unaongozwa na Corneille Nangaa, yule yule aliyekuwa mkuu wa CENI katika kura ya 2018. Nani ana moyo wa kuzungumzia sanduku la kura? Mimi nasema huu ndio wakati wake. Bunduki hufika haraka mahali ambapo watu wamezoea kuchaguliwa na wengine: na pasta, na mwenye mali, na mwenye kabila. Katika shirika letu, katika seli za sala, msikitini, tuanze sasa kufundishana kuuliza maswali ya hatua ya tano. Siku kura itakaporudi Kasha, mgombea aliyeokoka juzi atarudi pia, kitabu juu chini. Mpe kiti, muulize maswali, kisha ingia peke yako na dhamiri yako umchague anayestahili.