Namna ya Kuzurura Kindu kwa Heshima

Chagua siku ya Septemba au Oktoba, mvua zikiwa zimesharudi Maniema na vumbi la kiangazi limelala. Toka nyumbani asubuhi bila kazi yoyote ya kufanya. Hapo ndipo penye ugumu. Jirani atauliza unakwenda wapi, na ukimjibu kwamba unautembelea mji wako, atakutazama kwa huruma na kuuliza kama nyumbani kuna tatizo. Mwambie hakuna, muage, endelea. Wenye moto, yaani pikipiki, watakupigia honi komini nzima ya Kasuku. Wa toleka, baiskeli za abiria, watapunguza mwendo wakisubiri uchoke. Wasalimie wote na usipande. Mji unaopitwa mbio unabaki kuwa migongo ya watu na matope.

Ukianza kuona haya, fikiria Ubelgiji. Kuna mji mdogo uitwao Spa, ambako kwa karne nyingi watu wamefunga safari kwenda kunywa maji yenye madini, kuoga, kisha kupanda vilima majani yanapopukutika. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na miji mingine 10 ya Ulaya inayosifika kwa maji yake. Sisi tunao Lualaba, mto ambao ukishapita Kisangani dunia nzima huuita Kongo, na bado komini ya Mikelenge humkosi kijana atakayekuapia kwamba Kindu hakuna cha kuona. Mshike mkono kijana huyo, nenda naye.

Mpeleke kwanza stesheni. Msisitizie kwamba mji huu uliwekwa hapa kwa sababu ya mawe ya mtoni. Kutoka Kindu kushuka hadi Ubundu, karibu kilomita 300, vyombo vinapita. Ukipanda kuelekea Kongolo, mawe na maporomoko yanakufungia njia. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ikaamua kwamba pale mto unapokataa, reli ibebe. Kufikia 1911 treni iliweza kwenda kutoka Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, na mzigo ukawa unashuka kwenye behewa na kupanda meli hapa hapa. Bandari, maghala, nyumba za makarani, soko, yote yalifuata mzigo huo. Upana wa reli ni milimita 1,067 tu: mwambie kijana aupime kwa hatua zake, kisha afikirie bati la migodi ya Kalima na abiria wa miaka yote hiyo wakipita hapo. Afikirie pia walioyatandika mataruma, ambao shuleni hatukufundishwa hata jina la mmoja wao.

Simu ibaki mfukoni mpaka umwombe mlinzi ruhusa. Stesheni na bandari si mahali pa kupiga picha kienyeji, na siku nzuri inaweza kuishia ofisini ukieleza wewe ni nani na umetumwa na nani. Ukibahatika kumpata mzee aliyefanya kazi ya reli, mwamkie, mtafutie kiti kivulini, na ufute mipango yako ya saa mbili zinazofuata. Papa akianza kueleza behewa lilivyokuwa likipakiwa, usimkatize kumuuliza mwaka. Atafika mwenyewe.

Kuna jambo moja la kueleza polepole. Tarehe 11 Novemba 1961 wanaanga 13 wa Italia, waliokuwa wakiutumikia Umoja wa Mataifa, waliuawa na askari hapa Kindu. Pisa, walikotoka na ndege zao, wamejengewa mahali pa kumbukumbu, na Italia kuna mitaa yenye jina la mji wetu kwa sababu yao. Kijana aliyezaliwa hapa anastahili kulijua hilo kutoka kwa mtu wa kwao, kabla hajaulizwa na mgeni.

Mchana kula. Tafuta mama anayepika lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa mtoni, omba pilipili pembeni, na usijisifu kwamba unaiweza.

Kisha vuka mto kwenda Alunguli. Patana nauli ukiwa bado nchi kavu, kwa maana katikati ya mto huna nguvu ya kubishana. Keti pale mwenye mtumbwi anapokuonyesha. Ukitaka kuoga, kama watu wa Spa, waulize wavuvi sehemu iliyo salama. Mkondo una nguvu na mamba hawasomi miongozo. Ng'ambo, panda njia ya udongo mpaka miguu ikulaumu, halafu geuka uutazame mji wote ulivyojipanga ukingoni. Kijana akisema "kumbe", usimcheke.

Rudini kabla ya giza. Atakayekuwa ameonja atauliza kuhusu Nyangwe, ambako mpelelezi Livingstone alishuhudia mauaji ya sokoni Julai 1871, na Kasongo ya mfanyabiashara Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, lugha hii hii iliyopanda huku pamoja na misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Mjibu kwamba huko hakuendeki kwa siku moja. Ulizeni kwanza waliotoka huko wiki hii hali ya barabara ikoje, bebeni maji na nguo za kubadili, na mwondoke kungali giza.