Anajulikana

Umeme ukikatika Kibaoni, mashine ya kukoboa mpunga inanyamaza na wenye mpunga wanakaa juu ya magunia yao kusubiri. Mimi ndiye karani wa mashine. Saa hizo ndipo ninapofungua kamusi yangu, Kiarabu kwa Kiarabu, kwa amri ya ustadhi wangu. Kwake yeye, kujifunzia kamusi yenye Kiswahili pembeni ni kuvuka Mto Kilombero kwa daraja halafu ukajisifu kuogelea.

Kamusi yenyewe ni al-Qamus al-Muhit ya Firuzabadi, kadhi aliyefariki Zabid, Yemen, mwaka 1415. Mzee huyu hakutuwazia sisi. Maneno kayapanga kwa herufi ya mwisho ya mzizi, kwa hiyo neno kitabu hulikuti kwenye kaf, limelala kwenye ba. Mshairi mwenye shida ya vina atamwombea dua. Mimi ninayetaka maana tu natoka jasho. Na ukilipata neno, maelezo yake yana neno gumu zaidi, unaliacha la kwanza njiani ukalifuate hilo, na hilo lina lake. Umeme unarudi wewe uko kwenye maradhi ya ngamia.

Kero kuu ni herufi mim. Ili kubana kurasa, Firuzabadi alitumia vifupisho: jim ni wingi, ain ni mahali, na mim ni maarufu, yaani kitu kinajulikana. Simba, asad, kaanziwa na mim, kisha ukamwagwa wingi wake wa kila namna. Sasa anayemjua huyo simba, kamusi anaifungulia nini?

Mashineni kwetu, kitabu kinene cha Kiarabu kina kazi moja: kuangalizia, yaani kupigia ramli. Siku moja mama mmoja alinisogelea, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika hadi kijiwe cha bodaboda.

"Shehe, niangalizie. Pampu yangu ya baiskeli imeibwa."

"Mama, hii ni kamusi."

"Ndiyo. Inasemaje?"

Kidole changu kilikuwa juu ya mim. "Inasema anajulikana, basi," nikajibu, kwa hasira zangu na Firuzabadi.

"Si nilisema!" Akayageukia magunia. "Jamani, kitabu kimesema anajulikana!"

Pakawa kimya. Wawili watatu wakakumbuka wana shughuli nyumbani, wakaondoka na mpunga wakauacha.

Kulipokucha mama akakuta pampu mlangoni kwake. Pampu mbili, na sufuria ambayo hakuwahi hata kuilalamikia. Habari haikulala. Kabla ya adhuhuri mwenye pampu ya pili alikuwa mbele yangu, jogoo kwapani, mashine ikinguruma, anataka kitabu kimtaje mtu kwa jina safari hii, si kwa mafumbo.

Nikamwambia umeme ukiwepo hakifanyi kazi.